Wimbo Wenye Mgongo

Kipi hutangulia, pumzi au mwenye kupumua? Swali hili sikulitafuta. Lilinijia nikiwa nimesimama safu ya nyuma ya kwaya, upande wa besi, ndani ya kinu cha pamba ambacho kilikuwa hakijachambua pamba tangu kabla sijazaliwa, au labda tangu kesho. Maana katika mji ule kesho ilikuwa na tabia ya kupita kwanza na kutuacha tukiifuata kwa nyuma. Mji haukuwa na jina. Wengine walisema lilikuwepo, ila kila mtu alimsubiri mwenzake alitamke, na jina likaozea vinywani. Ukungu ulishuka kutoka milimani asubuhi, ukakaa mpaka ulipochoka wenyewe. Humo tuliishi kwa kusubiri. Ugali ulipoa mezani mpaka atokee mtu wa kusema karibuni. Watu wawili wakikutana mlangoni walipishana kwa macho tu, kila mmoja akimwachia mwenzake, na jua likazama wakiwa bado wamesimama hapo na heshima zao.

Mimi naitwa Ambokile. Nilikuwa mtu mzima, ndevu zangu zimeota mvi upande mmoja, na sikumbuki kitu chochote nilichowahi kukianza. Hata ndoa sikuianza. Mke wangu alikuja mlangoni na sanduku lake kichwani, akasema, "Haya," tukaoana.

Kwaya yetu iliongozwa na Mwalimu Gwakisa. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati lake limefungwa vifungo mpaka kooni, na mikono yake ilikuwa mizuri kuliko uso wake. Alipoinua mkono, vifua vyetu vilijaa. Alipoushusha, tuliimba. Tulikuwa tumefanya hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba hata tukikutana naye sokoni, akainua mkono kusalimia, wote tuliokuwa karibu tulivuta pumzi na kuizuia, mpaka aushushe. Hakulipenda jambo hilo, lakini hakulikataza pia. Nadhani lilimtisha kidogo, jinsi mtu anavyoweza kutishwa na kivuli chake akikiona kimetangulia nyumbani.

Alikuwa na wimbo mmoja mkubwa alioutunga ujanani, siku aliyorudi kutoka kumzika mama yake akakuta nyumba imejaa watu na hakuna aliyesema neno. Wimbo mzima una neno moja: *tupo*. Sauti nne zinapokezana neno hilo, zinalivunja, zinalikimbia, zinalikuta mbele ya safari likizisubiri. Kuna mahali soprano wanabaki na *tu* peke yake, muda mrefu, juu kabisa, na wewe unayesikiliza unaanza kuogopa kwamba *po* haitakuja kamwe na kwamba hatutakuwepo. Kisha besi wanaileta. Kila tulipofika hapo nilimtazama Mwalimu aniambie kama nipo.

Ndipo akaja Bi Tunu.

Alikuja na kundi la wachezaji, vijana wa kiume na wa kike wenye shingo ndefu na nyayo zilizopasuka, na hakuna aliyejua walitoka upande gani wa ukungu. Bi Tunu mwenyewe alikuwa mfupi, mkavu, kifundo kimoja kimepinda kwa kucheza miaka mingi. Aliingia kinuni tukiwa katikati ya mazoezi, akaketi juu ya robota la pamba kuukuu, akasikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho. Tulipomaliza hakupiga makofi.

"Huu wimbo wenu una mwili," alisema. "Mmeuficha wapi?"

Mwalimu Gwakisa alikunja karatasi zake. "Wimbo hauna mwili, mama. Ndiyo maana hauzeeki."

"Mimi ni mtunzi wa ngoma. Nataka kuutungia baleti. Kitendo kimoja, hakuna mapumziko katikati. Mtu akiingia, ameingia. Wachezaji wangu hawasemi neno. Mwili unasema, mdomo unanyamaza."

"Sisi kazi yetu ni midomo."

"Ndiyo sababu nimekuja kwenu, Mwalimu. Nimechoka na watu wasiosema."

Alicheka, na Mwalimu, ambaye hatukuwahi kumwona akicheka, akatazama chini kama aliyeangusha kitu. Akakubali.

Tulianza mazoezi. Ugomvi ulizuka pale Bi Tunu aliposema kwaya isisimame kama ukuta nyuma ya wachezaji. Tusimame duara, wachezaji wacheze katikati yetu, na mahali fulani duara litembee.

"Haiwezekani," alisema Mwalimu. "Duara lina migongo. Wengine hawataniona. Wasiponiona hawataimba."

"Wakilala usiku wanapumua kwa mkono wa nani?"

 Tulitazamana. Ni kitu cha ajabu kuulizwa jambo ambalo mwili wako unalijibu kila siku bila kukushirikisha.

"Mama," Mwalimu alisema polepole, "mimi nimewafundisha watu hawa. Nikishusha mikono yangu kabla ya wakati, hapa patakuwa kimya mpaka kiama."

"Basi tunaogopa kitu kimoja mimi na wewe," alijibu Bi Tunu.

Waliafikiana hivi: duara litakuwepo, lakini litabaki wazi upande mmoja, na hapo Mwalimu atasimama juu ya robota ili wote tumwone. Kwake wachezaji wangekuwa mbele, kati yake na sisi. Lakini hakuwatazama. Siku zote za mazoezi macho yake yalipita juu ya vichwa vyao kama mtu anayetafuta ng'ambo ya mto. "Mimi natazama midomo," alisema. "Ngoma si kazi yangu."

Katika wachezaji wale alikuwepo Mkiwa. Sijui nimwelezeje. Alikuwa mweusi sana, mwenye uso mpana mtulivu, na alipotembea kawaida, kwenda kunywa maji tu, ulihisi kwamba hewa imeambiwa mapema impishe. Siku moja nilimkuta bombani nyuma ya kinu akijimwagia maji begani. Mfupa wa bega lake ulikuwa na kinundu, kama fundo la kamba chini ya ngozi.

"Uliumia, dada?"

"Nilianguka, kaka. Katika ngoma nyingine, mji mwingine." Aliinua mkono taratibu, akautazama ukipita mbele ya uso wake. "Umeona kule karibu na mwisho wabebaji wanaponinyanyua? Wanne wale. Wakishanipandisha juu kabisa nyuso zao zinatazama chini, hakuna anayemwona mwenzake. Kunishusha ni lazima wapinde magoti kwa pamoja. Hawaoni kitu cha kuwaambia sasa. Wanasikia tu. Ile *po* yenu baada ya *tu* ndefu ndiyo ngazi yangu."

"Na ile siku uliyoanguka?"

"Mpiga kinanda alikosea. Mmoja akapinda magoti, watatu wakabaki wamesimama. Nusu ya pumzi tu." Alifunga bomba. "Ndiyo maana Bi Tunu hataki tuifanye kikamilifu kwenye mazoezi. Tunainua mpaka kifuani, basi. Juu kabisa tutakwenda siku yenyewe."

"Sasa kwa nini unarudia?"

 Maji yalimtiririka mkononi, yakadondoka kwenye vumbi.

"Kule juu, kabla sijaanguka, niliona kitu. Nilianguka kabla sijamaliza kukitazama."

Siku ya onyesho ilifika mchana, ukungu ukiwa umeshuka mpaka madirishani. Watu wa mji walijaa nje ya kinu wakisubiriana kuingia, mpaka Bi Tunu akatoka, akamshika wa karibu mkono wa shati na kumvuta ndani kama mtoto. Wakafuata. Waliketi kwenye marobota, sakafuni, kwenye ngazi za mashine zilizokufa. Bati la paa lilikuwa na matundu mengi, na kwenye kila tundu mwanga uliingia mwembamba, wima, ukiwa umejaa nyuzi ndogo za pamba ambazo zilikuwa zikielea humo tangu siku ya mwisho ya kazi na hazikuwahi kutua.

Mwalimu aliinua mkono. Tukaanza.

Nitasema nilichokiona, ingawa macho yaliyokiona sina hakika kama ni haya. Wachezaji walikuwa wamelala chini, wamekunjamana, na *tupo* ya kwanza ilipopita juu yao, chini kabisa, kwa sauti ya nne, yetu besi, peke yake, migongo yao ilianza kuinuka. Migongo tu. Vichwa na mikono vilibaki chini. Wimbo ambao nilikuwa nimeuimba tangu sauti yangu ilipoanza kuwa nzito, wimbo niliouimba nikifua, nikilima, nikimzika baba, ulikuwa unasimama mbele yangu kwa uti wa mgongo, pingili moja moja. Alto walipoingia, mikono ikatokea. Wale wa sauti ya tatu walipoingia, watu wale wakasimama, wakaangaliana kana kwamba kila mmoja amemkuta mwenzake ndani ya nyumba aliyodhani ni yake. Waligusana. Walikataana. Walianguka mmoja juu ya mwingine na kuinuka wakiwa wamebadilishana miendo, hata yule mwenye hatua nzito akawa mwepesi na mwepesi akaburuta mguu. Niliona baba yangu akipita katikati yao kwa miguu ya kijana nisiyemfahamu. Nilijiona mimi, mzee kuliko nilivyo, nimebebwa mgongoni na msichana. Muda ulilegea. Sijui tuliimba saa moja au maisha. Duara lilipoanza kutembea nilitembea nalo, na kwa mara ya kwanza niliimba huku nikimpa mtu mgongo, na sikufa. Sauti za wenzangu zilinipitia kutoka nyuma, zikatokea mbele, zikiwa zimebeba kitu changu kidogo. Niliogopa kwa namna ambayo mtu anaogopa mlima: bila kutaka uondoke.

Soprano walifika kwenye ile *tu* yao ya juu. Hapo ndipo walipomnyanyua Mkiwa.

Wabebaji wanne waliingia chini yake, wakampandisha mpaka kifuani, pale tulipopazoea. Wakaendelea. Alipita mabegani mwao, akapita vichwa vyao, mikono yao ikanyooka yote, na yeye akalala hewani uso juu, kwenye mwanga wa matundu, nyuzi za pamba zikimzunguka. Sijawahi kuona mwili wa mtu ukiwa juu kiasi kile bila kuwa maiti. Soprano waliishikilia noti yao. Nilimgeukia Mwalimu anipe *po*.

Mkono wa Mwalimu Gwakisa ulikuwa umesimama katikati ya hewa, kama mkono wa mtu aliyekuja kubisha hodi akakuta mlango uko wazi. Hakuwa akitutazama. Asingeweza: Mkiwa alikuwa amepanda mpaka usawa wa macho yake, kati yake na midomo yetu, na ilibidi amwone. Amwone yeye, na waliombeba, na duara letu likimzunguka kama ukingo wa bakuli. Uso wake ulikuwa umelowa. Mdomo wake ulisema neno moja lisilo na sauti, na wenzangu wengine wanasema lilikuwa neno tofauti, lakini mimi nililisoma: *ndiyo*.

Soprano waliishiwa pumzi. Mmoja mmoja walizimika. Kukawa kimya.

Ukimya ule ulikuwa na uzito, na ulinuka pamba ya zamani. Kwaya nzima ilitazama mkono. Mkono haukushuka. Niliona kiwiko cha mbebaji mmoja kikianza kutetemeka, kisha paja la mwingine. Jasho lilidondoka kutoka kwenye kidevu cha wa tatu na nilisikia likigonga sakafu. Nyuso zao zilitazama chini, zikisikiliza. Bi Tunu alikuwa amesimama ukutani, viganja vyote viwili mdomoni. Ndani yangu sauti mbili zikaanza kubishana.

Imba. Nani? Wewe. Mimi sijaambiwa. Nani atakuambia? Mkono. Mkono umeona kitu, hauwezi kurudi. Basi mtu mwingine. Mtu gani? Wote wanasubiri mtu, na kila mmoja wa hao wote ni mimi. Nikikosea je? Ataanguka. Nikinyamaza je? Ataanguka. Mimi ni nani wa kuanza? Swali hilo liliulizwa kabla hujazaliwa, na aliyeliuliza alikufa bado anasubiri jibu. Imba. Sina pumzi. Tazama, ipo kule juu.

Nikamtazama Mkiwa. Mbavu zake zilikuwa zinapanuka. Taratibu sana, katikati ya mikono inayotetemeka, mfupa wake uliowahi kuvunjika ukiwa juu ya watu waliokuwa wanashindwa, alikuwa anavuta pumzi bila haraka, kama anayelala kwao. Hakuna aliyemwinulia mkono. Mbavu zikapanuka, nami mbavu zangu zikapanuka pamoja nazo kabla sijaziruhusu. Nilipojaa nikajua kwamba sasa haiwezekani kutotoa.

"Tu..."

Ilitoka imekwaruzwa. Ilitoka chini ya noti niliyotakiwa kuishika, chini sana, mahali ambapo hakuna kwaya iliyowahi kuutia wimbo ule. Kwa muda mfupi ilikuwa yangu peke yangu, na upweke wake ulinitisha kuliko kimya. Kisha besi aliyekuwa kushoto kwangu akanifuata. Kisha wote wa sauti ya nne. Alto wakatupima, wakashuka kutukuta. Nilisikia watu wakitafutana kwa sauti, wakipapasa, wakipatana, na duara zima likawa na pumzi moja ambayo haikutoka kwa yeyote.

"...po."

Magoti yote manane yalipinda. Kwa pamoja. Mkiwa alishuka kama kitu kinachowekwa na mwenye mali, akapita vichwa, mabega, vifua, mpaka nyayo zake zikagusa sakafu bila kishindo. Akasimama. Alitazama juu mahali alipotoka, akatikisa kichwa taratibu, na machozi yakamtoka huku anatabasamu. Sikuwahi kumuuliza aliona nini. Nilihisi kwamba alikuwa amemaliza kutazama.

Wimbo ulikuwa bado una kurasa. Tuliuendeleza. Hakuna aliyeongoza, na ulikuwa na makosa mengi: wale wa sauti ya tatu waliingia mapema, soprano mmoja alipotea na kurudi. Nikiwa katikati yake niliona Mwalimu Gwakisa akishuka kwenye robota. Alishusha mguu mmoja, akapapasa sakafu, akashusha wa pili. Alipita katikati ya wachezaji wakampisha, akaja mpaka kwetu, akasimama kati yangu na jirani yangu. Akafungua kifungo cha juu cha shati. Akaimba.

Hatukuwahi kuisikia sauti yake. Ilikuwa ndogo, kavu, ya mtu ambaye amewasha moto wa wengine maisha yake yote na kulala baridi. Ilitetemeka. Niliisogelea kwa sauti yangu, ikaegemea.

Wachezaji walilala tena chini, migongo ikakunjika, pingili moja moja, na *tupo* ya mwisho ikatoka, ikaenda kwenye matundu ya paa. Ngoma ikaisha.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikaa tu, na kitu pekee kilichosikika ni kupumua kwao. Mwalimu alinigusa kiwiko.

"Ambokile."

"Naam, Mwalimu."

"Umeanza chini mno."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Usipandishe. Baki hapohapo." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Unajua, mwanangu, sikujua kama wimbo huu una mgongo. Miaka yote hii. Niliuandika, nikaubeba, nikawaogopesha watu nao. Sikujua kama una mgongo."

Bi Tunu alikuwa amefika. Alitaka kumwambia kitu, nadhani pole, au asante, lakini kabla hajafungua mdomo kukatokea mtikisiko kule kwenye marobota. Mwanamke mzee alikuwa anainuka. Simjui, hakuna aliyemjua. Alikuwa na kanga iliyofungwa kiunoni kwa fundo kubwa na kandambili za rangi mbili tofauti, na alikuja moja kwa moja mpaka katikati, pale alipokuwa amesimama Mkiwa, akavua kandambili, akaziweka pembeni vizuri.

"Na mimi," alisema.

Wabebaji hawakuelewa. "Na wewe nini, bibi?"

"Nibebeni."

Wabebaji wakamtazama Bi Tunu. Bi Tunu akamtazama Mwalimu. Mwalimu Gwakisa, mikono yake imening'inia tu, akatutazama sisi, na sisi, kwa mazoea, tukatazamana. Lakini kutazamana kule hakukudumu. Mtu mmoja upande wa alto, mwanamke mnene mpole aitwaye Sekela ambaye sijawahi kumsikia hata akikohoa, alivuta pumzi kwa nguvu, tukaisikia, tukavuta naye.

Wakamwinua. Alipita vifua, mabega, vichwa. Kanga ilining'inia pande zote mbili. Alikuwa mwepesi, nilijua kwa jinsi mikono yao ilivyonyooka, na alikuwa na hofu, nilijua kwa jinsi vidole vya miguu yake vilivyojikunja. Tulimshikilia kwa *tu*, ndefu, na safari hii walioketi sakafuni nao waliingia, mtu na mtu, kwa sauti zao za jikoni na za shambani, zisizojua zinaitwa alto au besi. Kinu kikajaa. Juu kule bibi aligeuza kichwa taratibu, kulia, kisha kushoto. Alitutazama wote. Alikaa hivyo muda mrefu, mdomo wazi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia akiitwa kwa jina.

"Haya, nishusheni," alisema mwishowe. "Polepole, wanangu. Goti hili bovu."

Na nyumba nzima, walioimba na waliokaa, Mwalimu na mimi, tukapinda magoti ili ashuke.